Mtoro Pekee wa Chumba Kumi na Nne

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, wakatuachia sisi tugundue wenyewe kwamba ndiyo maana mwongo hufika kabla yetu, akachagua kiti, akaagiza chai, na sisi wa njia ndefu tukifika tunaulizwa kwa nini tumechelewa.

Mlimwacha yule binti aitwaye Saa Mbili wiki jana mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, mama yake ameketi nyuma yake, na karani ndiyo kwanza amemaliza kusoma shtaka. Darasa la mwaka wa mwisho la utunzaji wa kumbukumbu. Wanafunzi sitini na nne. Ijumaa sita mfululizo, waliohudhuria somo ni sitini na tatu. Mtoro ni mmoja.

Mtoro ni yeye.

Mlidhani atalia? Hakulia. Mlidhani atazimia? Wala.

Alicheka.

Alicheka mpaka karani akaacha kuandika, maana hakujua kicheko kinaingizwa wapi kwenye kumbukumbu za kikao.

"Binti," akasema Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, "mtihani ni leo saa nane mchana. Usipoufanya unarudia mwaka mzima, na ile nafasi yako ya kazi kwenye masjala ya hospitali anapewa mwingine. Hilo nalo linachekesha?"

"Hapana, mheshimiwa. Nacheka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Darasani. Chumba kumi na nne. Ijumaa zote sita, kuanzia saa mbili hadi saa nne."

"Na wenzako?"

"Hawakuwepo."

"Wote sitini na tatu?"

"Wote."

"Na mhadhiri?"

Saa Mbili akamgeukia mwanamume aliyeketi pembeni ya meza, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Naye hakuwepo."

Mhadhiri akatabasamu kwa upole wa mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. Wanafunzi walimwita Mwezi Mwandamo. Alionekana kwa nadra, na waliodai kumwona hawakuacha kubishana.

"Kwa hiyo," akasema Mwenyekiti, "ama darasa lilikuwepo bila wewe, ama wewe ulikuwepo bila darasa. Moja kati ya hayo mawili lina saini."

Akazigeuza karatasi za mahudhurio ili wote wazione. Sita, zimepigwa muhuri wa idara, zimejaa saini toka juu hadi chini. Kila karatasi ina mstari mmoja mtupu, kama pengo la jino kwenye kicheko cha mtu mwingine.

Mambo yalikwenda hivi. Kila Alhamisi jioni Mwezi Mwandamo alimpigia simu kiongozi wa darasa, kijana mwenye ulimi wa asali aliyeitwa Spika, akamwambia, "Kesho nina dharura, zungusha karatasi." Karatasi ikazunguka. Ilizunguka kantini, ikapanda mabwenini, ikashuka kwa kinyozi, na wasiopatikana walisainiwa na waliopatikana. Walikuwa wanasomea kutunza kumbukumbu, na kusema haki, walizitunza vizuri sana kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea.

Ila mmoja. Huyo kila kipindi cha saa mbili alikuwa ndani saa mbili kasorobo, ndivyo alivyopata jina. Ijumaa ya kwanza alidhani mhadhiri kachelewa. Ya pili alidhani anaumwa. Kuanzia ya tatu hakudhani kitu, alikwenda kwa ukaidi tu. Alifuta ubao, akaandika tarehe, akafungua daftari, akajifundisha.

Na karatasi ilipomfikia aliirudisha ilivyo. "Nisaini nini? Hakukuwa na somo."

"Si ulikuwepo?" Spika alimwambia. "Sasa wewe uliyekuwepo unakataaje, na sisi ambao hatukuwepo tumesaini?"



"Na kama hayo ni kweli," Mwenyekiti aliendelea, "kwa nini hukutoa taarifa?"

"Nilitoa. Barua mbili, kwa mkuu wa malalamiko ya wanafunzi."

"Ambaye ni nani?"

Karani akakohoa. Macho yote yakateleza taratibu hadi pembeni ya meza.

"Nilizipokea," akasema Mwezi Mwandamo bila kutetereka. "Nikazisoma, nikaziona hazina ushahidi, nikazifunga kwenye jalada. Utaratibu wote ulifuatwa."

"Basi ushahidi upo!" Saa Mbili akapanda sauti. "Naomba aitwe mlinzi wa funguo."

Mlinzi wa funguo akaitwa. Akaja mzee mfupi, kakumbatia daftari la jalada gumu kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

"Mimi, mama mwenyekiti, sitoi ufunguo bila saini," akaanza hata kabla hajaulizwa. "Mkuu wa Chuo mwenyewe nilishamrudisha. Hakuwa na kalamu."

"Tusomee chumba kumi na nne, mzee. Siku za Ijumaa."

Mzee akalamba kidole, akafunua. "Ijumaa ya kwanza. Ufunguo umetoka saa moja na dakika arobaini. Umerudi saa nne na dakika tano. Mchukuaji, huyu binti hapa. Ijumaa ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Ya nne, alirudisha na dasta, akasema imekwisha kazi. Ya tano na ya sita, vilevile."

"Na mwingine yeyote aliyewahi kuuchukua?"

"Siku hizo? Hakuna."

Mama yake Saa Mbili akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi. Imekwisha! Mtu mmoja, ufunguo mmoja, chumba kimoja. Hata asiyesoma angeona.

Ndipo Mwezi Mwandamo alipopiga makofi, taratibu, mara tatu.

"Nakushukuru sana, mzee wangu. Umetutoa gizani. Kumbe ufunguo alikuwa nao yeye!"

"Unamaanisha nini, Daktari?" akauliza Mwenyekiti.

"Namaanisha nafika kila Ijumaa na wanafunzi wangu sitini na tatu, tunakuta mlango hauna ufunguo, hatujui nani kauchukua, tunahangaika kama yatima. Leo nimemjua. Shtaka la utoro ni dogo, mheshimiwa. Huyu alilifungia nje darasa zima."

Karani aliandika hilo kwa kasi ambayo hakuwa ameionyesha tangu kikao kianze.

"Mlango ulikuwa wazi!" Saa Mbili akapiga kelele. "Ulikuwa wazi tangu saa mbili kasorobo!"

"Nani shahidi?"

"Mimi!"

"Mtuhumiwa hajishuhudii," akasema mhadhiri kwa huruma. "Hilo nililifundisha Ijumaa ya nne. Bahati mbaya hukuwepo."

Msomaji, kuna uongo unaokufanya utake kusimama uupigie saluti.

Mwenyekiti akauliza, na kwa sekunde moja ilionekana anauliza kweli, "Sasa mlisomea wapi, Daktari?"

"Ukumbi mdogo."

"Ukumbi mdogo?" Mzee wa funguo akadakia. "Ufunguo wa ukumbi mdogo ulivunjikia kwenye kitasa mwaka juzi. Humo wanakaa popo."

"Nje yake. Kwenye veranda."

"Veranda ile," Saa Mbili akasema, "inachukua watu kumi, tena wakipumua kwa zamu."

"Mwiteni kiongozi wa darasa," akaamuru Mwenyekiti.

Spika akaingia akitokea nje, tai imemkaba, macho yakitafuta uso wa mhadhiri. Mhadhiri wakati huo alikuwa akilisoma dari kwa makini makubwa.

"Kijana, siku za Ijumaa mlisomea wapi?"

Spika akanyoosha tai yake. "Maktaba, mheshimiwa."

Hata kalamu ya karani ilisimama.

"Haya sasa!" Saa Mbili akanyanyuka. "Mmoja veranda, mwingine maktaba. Ng'ombe mmoja kachinjwa kwenye mazizi mawili! Mheshimiwa, unataka nini zaidi?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga dirisha kabla mvua haijaingia ndani.

"Mahali ni suala la ratiba. Hapa tunashughulikia mahudhurio, na mahudhurio ni saini. Taarifa hii ilishakwenda kwa wakaguzi. Chuo kimepewa cheti cha mahudhurio bora. Kile pale, geuka ukitazame."

Saa Mbili akageuka. Kilikuwa kimetundikwa juu ya kichwa cha mama yake, kwenye fremu, kioo kinang'aa.

"Niwaambie nini wakaguzi? Kwamba aliyehudhuria kweli alikuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye tuliyemwandika mtoro?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Waambie hivyo hivyo."

"Usinifundishe kazi, binti." Akatazama saa yake. "Kamati ina moyo wa mzazi. Andika barua ya kuomba radhi, mistari mitatu tu. Kiri utoro, ahidi kutorudia. Tunakupa kibali, unaingia mtihani saa nane pamoja na wenzako. Usipoandika, unarudia mwaka. Kikao kinaahirishwa hadi saa saba."

*

Nje, ukumbini mwa jengo la utawala, wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye ngazi na vitini vya masomo mapajani, midomo ikichezacheza. Walipomwona wakaacha kukariri. Hakuna aliyemtukana. Walimtazama kama abiria wanavyomtazama mtu aliyesimamisha gari zima kwa sababu amesahau mwavuli.

Mama yake akamvuta hadi dirishani. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, na hata akiwa na nguo ya kutokea alisimama kama mtu anayesubiri sindano ya mizani itulie.

"Andika."

"Mama!"

"Andika, mwanangu. Mistari mitatu. Ulimi hauna mfupa, kalamu ndiyo itakuwa nao?"

"Wewe ungeandika kilo za gunia ambalo hujaliona?"

Alitarajia mama atasema hapana. Miaka ishirini alimsikia akijisifu nyumbani kwamba mizani yake haijawahi kudanganya hata punje.

Mama akatazama nje ya dirisha. "Niliandika. Mara moja. Ulikuwa na miaka minne, na bosi alikuwa amesimama mgongoni mwangu. Magunia arobaini ambayo hayakushuka kwenye lori lolote. Niliandika, nikarudi nyumbani, nikakukorogea uji, ukanywa, ukalala. Dunia haikuanguka."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, na wewe ulishakuwa na kichwa kigumu tangu hapo?"

Saa Mbili hakujua acheke au alie, na kabla hajachagua, Spika akatokea pembeni, ameilegeza tai.

"Shikamoo, mama. Dada, naomba dakika moja."

"Ya maktaba au ya veranda?"

"Nipige tu, nastahili." Akashusha sauti. "Lakini nisikilize. Ukishinda wewe, sisi wote tunafungiwa nje ya mtihani. Watu sitini na tatu. Kila mmoja ana mama yake huko anasubiri simu jioni. Wewe una mama mmoja, tena yuko hapa, na yeye mwenyewe anakuomba."

Hilo lilimwingia. Aliwatazama wale wa kwenye ngazi. Yule mwenye kitini kilichochanika alimwazima kalamu mwaka wa kwanza. Yule wa pembeni alimpeleka zahanati siku alipovimba jino. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wa kawaida waliofikiwa na karatasi.

"Mngekuja tu darasani," akasema.

"Kufanya nini, na mhadhiri hayupo?"

"Kutokuwepo kwake kungekuwa na mashahidi sitini na nne."

Spika akaikaza tai tena.

"Basi," akasema hatimaye, mkono begani kwake kama kaka, "umechoka, dada yangu. Kaa na mama, kunywa maji. Mengine tuachie sisi."

Akaondoka haraka. Saa Mbili akadhani amekata tamaa.

Laiti angejua!

*

Saa saba kamili mlango ukafunguliwa, na kitu cha kwanza alichokiona ni meno ya Mwenyekiti. Alikuwa anatabasamu. Mhadhiri anatabasamu. Karani, ambaye hakuajiriwa kutabasamu, naye alijaribu.

"Kaa, binti yangu, kaa," akasema Mwenyekiti. "Kwanza nikupongeze. Kukiri kosa ni ukomavu. Nimeisoma mara mbili."

"Umesoma nini, mheshimiwa?"

"Mnyenyekevu hadi mwisho!" Mwenyekiti akainua karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahafali. "'Mimi niliyetajwa hapo juu, kwa unyenyekevu usio na kifani, nakiri kwamba utoro wangu umelitia doa darasa lenye mahudhurio ya kupigiwa mfano. Namwomba radhi mhadhiri wetu mpendwa, ambaye hajakosa kipindi hata kimoja. Nawaomba radhi wenzangu niliowafungia mlango.' Maneno mazito haya. Mpaka karani amefuta macho."

"Vumbi," akasema karani.

Saa Mbili alisogea mezani. Chini ya barua palikuwa na saini. Ilikuwa yake. Ilikuwa nzuri kuliko yake, kwa kweli, maana yeye akiwa na haraka humeza herufi za mwisho, na aliyeisaini hakuwa na haraka.

Akageuka. Spika alikuwa amesimama kando ya mlango, akamkonyeza kidogo, kama mtu aliyemlipia mwenzake kinywaji na hataki kushukuriwa.

Alikuwa amemsaidia! Hapo ndipo hasira yake ilipokosa mahali pa kukaa. Hakuwa adui. Kwa Ijumaa zote sita darasa lile lilisainiana kwa mapenzi, mgonjwa akasainiwa na mzima, aliyelala akasainiwa na aliyeamka. Leo walikuwa wamemfikia na yeye. Walimpokea, hatimaye, kama mmoja wao.

"Kibali chako hiki," akasema Mwenyekiti, akamsukumia kadi ya kijani yenye picha yake na muhuri ambao wino wake ulikuwa haujakauka. "Ukumbi wa mtihani unafunguliwa saa nane kasorobo. Kiti chako namba kumi na nane. Nenda, mwanangu."

"Tumesamehe," akaongeza Mwezi Mwandamo.

Kadi ilikuwa pale, karibu na kidole chake. Hakutakiwa kusema uongo wowote. Hakutakiwa kusema chochote. Alitakiwa kuinua kadi, kugeuka, na kutembea hatua tisa hadi mlangoni. Jioni angekuwa amemaliza chuo. Mwezi ujao angekuwa masjala ya hospitali, anapanga majalada ya watu wanaoamini kwamba kilichoandikwa humo ndicho kilichotokea.

Akaichukua kadi.

Nyuma yake mama alisema polepole, "Alhamdulillahi."

"Mheshimiwa," akasema Saa Mbili, "hii barua sikuiandika mimi."

Tabasamu la karani ndilo lililoanguka kwanza.

"Uliituma," akasema Mwenyekiti. "Kiongozi wa darasa kaileta kwa niaba yako."

"Sikuituma. Na saini si yangu."

"Dada!" Spika akanong'ona kutoka mlangoni, kijasho kimemtoka.

Mwezi Mwandamo hakuitazama tena dari. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile na mchana ule, alikuwepo.

Mwenyekiti akainama juu ya meza, na sauti yake ikashuka hadi pale ambapo karani asingeweza kuisikia vizuri, wala asingetakiwa.

"Nisikilize vizuri, kama mama yako. Ukisema saini hii si yako, nalazimika kuuliza ni ya nani. Nikiuliza ya hii moja, nitaulizwa na zile mia tatu sabini na nane ni za nani. Leo hii? Saa moja kabla ya mtihani? Hakuna atakayeingia humo ndani. Si wewe, si wao. Kesho wakaguzi wako mlangoni, na cheti kile kinashuka ukutani." Akavuta pumzi. "Sikuambii udanganye. Barua ipo, imeshapokelewa, hukuiandika, sawa, tunyamaze. Sema tu, samahani kwa usumbufu. Maneno matatu. Uende."

Nje kulisikika vitini vikikunjwa, na miguu mingi ikianza kuelekea ukumbi wa mtihani. Watu sitini na wawili, wakiulizana maswali ya dakika za mwisho, mmoja akicheka kwa woga.

Saa Mbili akamtazama mama yake. Mama hakutikisa kichwa kukubali, wala hakukitikisa kukataa. Alikaa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, anangoja sindano itulie.

Binti akaiweka kadi ya kijani juu ya ile barua, akaisukuma taratibu hadi upande wa pili wa meza.

"Karani, andika. Na uandike nilivyosema, usinisaidie. Nilikuwepo darasani Ijumaa zote sita. Mlango ulikuwa wazi. Barua hii sijaiandika, saini hii sijaitia, na samahani hiyo yenye maneno matatu hamtaipata. Siombi radhi."